Kijana, kata ua lililonyauka ulipwe kwa mwezi, si kwa siku

Mwaka juzi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kukata maua.

Si utani. Taasisi moja, ambayo sitaitaja na wala haiko hapa Nangina, ilikuwa imenipa kibarua cha kufyeka nyasi na "kusafisha safisha" bustani ya mbele, pale wageni wanapoingilia. Siku ya wazazi ilikuwa imebakisha wiki sita. Nilikuta merigoldi zimechakaa, zinia zimegeuka rangi ya kahawia, na miwaridi imebeba maua makavu kama karatasi ya kufungia majani chai. Nikachukua mkasi. Nilikata kila ua lililokwisha, moja baada ya jingine, tangu asubuhi hadi jua la saa nane. Nilipomaliza, kando yangu kulikuwa na rundo la vichwa vya maua, na bustani ilikuwa imebaki kijani kitupu.

Mkubwa alipopita na kuona lile rundo, hakuuliza swali. "Nilikuita ufyeke, sikukuita uniharibie maua!" Nikalipwa siku mbili, nikaonyeshwa lango. Sikujitetea vizuri. Utamwelezaje mtu mwenye hasira kwamba umekata maua ndiyo apate maua?

Siku ya wazazi ilipofika nilipita hapo nikiwa juu ya boda. Merigoldi zilikuwa zinawaka manjano na rangi ya machungwa mpaka barabarani. Zinia zilikuwa zimejaa, na waridi za kwanza ndizo zilikuwa zinafunguka. Baadaye nikasikia kwamba kijana aliyechukua nafasi yangu alishukuriwa mbele ya wageni kwa mkono wake mzuri. Simlaumu. Alimwagilia maji, na hiyo pia ni kazi.

Sikusimulii haya ili unihurumie. Nakusimulia kwa sababu yule mkubwa aliamini kile ambacho wengi wetu tunaamini: kwamba ua likishapandwa kazi imeisha, na kwamba anayelishika kwa mkasi ni adui. Imani hiyo inatugharimu. Inawagharimu wenye maboma maua yao, na inakugharimu wewe kijana wa Samia, Matayos, Teso au Butula ajira ambayo iko mbele ya macho yako.

Hebu tuanze na ukweli wenyewe, kwa sababu ukiujua hutahitaji kubishana na mtu.

Mmea hautoi ua ili upendeze macho yako. Unatoa ua ili upate mbegu. Rangi ile na harufu ile ni tangazo la biashara kwa nyuki, vipepeo na wadudu wengine: njooni mle, mkitoka mtubebee chavua. Ua likishachavushwa, petali hazina kazi tena, zinasinyaa. Nyuma ya zile petali, chini kidogo, mbegu zinaanza kujaa. Hapo ndipo mambo yanabadilika. Chakula kinachotengenezwa na majani kinaelekezwa kwenye mbegu, na homoni zinazotoka kwenye hizo mbegu zinaupa mmea habari kwamba shughuli imefanikiwa, hakuna haja ya maua mengine. Kwa mimea inayoishi msimu mmoja, kama merigoldi na zinia, habari hiyo ni kama barua ya kustaafu. Mmea unakomaza mbegu, unakauka, unakufa.

Sasa ukikata lile ua lililonyauka kabla mbegu hazijakomaa, umeukatiza mmea kazi yake. Haujapata mtoto. Unaanza upya. Tena, kwa kukata ncha ya tawi, unayaamsha macho yaliyolala kwenye makwapa ya majani chini yake, na pale palipokuwa na ua moja zinaweza kutoka shina mbili, kila moja na tumba lake. Hiyo ndiyo siri yote. Haina uchawi, haina dawa ya dukani.

Mimi sikujifunza hayo kitabuni. Nilijifunza kwa nyanya yangu, na wala si kwenye maua bali kwenye mboga.

Kama umekulia huku, unaijua saga. Unajua pia kwamba saga ikianza kutoa maua, majani yake hupungua, yanakuwa madogo na magumu. Kila jioni nyanya alikuwa anapita kwenye saga zake akichuna vile vichwa vya maua kwa kucha, kimoja kimoja, huku akizungumza na sisi kana kwamba hafanyi chochote. Nilipomuuliza sababu, alinijibu hivi: "Saga ikichanua imeshaolewa. Haina habari na wewe tena." Ndiyo maana sisi tulikuwa tunakula saga wiki kadhaa baada ya jirani kung'oa yake. Lakini kila msimu alikuwa anaacha mashina machache pembeni, hayaguswi, yanachanua yapendavyo na kutoa mbegu za kupanda mvua ijayo. Kumbuka hayo mashina machache, nitayarudia.

Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba kukata maua ni tabia ya wazungu au ya watu wa Karen na Runda. Mama zetu wamekuwa wakifanya hivyo kwa saga na kwa mchicha tangu jadi. Mvunaji wa bamia naye anajua kwamba asipochuma mapema, bamia ikakomaa na kuwa ngumu mtini, mmea unapunguza kuzaa. Ni elimu ile ile. Tofauti ni kwamba kwenye mboga tunaiheshimu kwa sababu tumbo linaiona, lakini kwenye ua tunaiita uharibifu.

Na ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, tazama Naivasha. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza maua mengi zaidi duniani, na waridi zetu zinajaza maduka ya Ulaya, hasa kunapokaribia Februari 14. Umewahi kujiuliza kwa nini mwaridi mmoja kwenye yale mabanda ya plastiki unazaa mwaka nenda mwaka rudi? Ni kwa sababu hauachiwi nafasi ya kuzeeka na maua yake. Kila siku watu wanapita wakikata. Kila ua linalopakiwa kwenye ndege ni mkato, na kila mkato ni mwanzo wa tawi jingine. Biashara nzima ile imesimama juu ya kitendo ambacho mimi kilinifukuzisha kazi.

Sasa, kabla hujakimbilia mkasi, sikiliza vizuri. Kukata ovyo ni kuharibu kweli, na hapo mwenye boma atakuwa na haki ya kukasirika. Kila mmea una mahali pake pa kukatwa.

Merigoldi na zinia ndizo rahisi zaidi, anza nazo. Usichomoe petali tu ukaacha kile kikombe cha chini, kwa maana mbegu ziko humo ndani na utakuwa hujafanya lolote. Fuata kikonyo kushuka hadi kwenye jozi ya kwanza ya majani, ukate juu yake kidogo. Merigoldi hata kucha inatosha. Zinia ina bua gumu, tumia mkasi usije ukachana ganda.

Mwaridi unataka utulivu. Tazama majani yake: karibu na ua utakuta jani lenye vijani vitatu, ukishuka utakuta lenye vijani vitano. Kata nusu sentimita hivi juu ya jani la vijani vitano linaloangalia nje ya kichaka, si ndani, ili tawi jipya lielekee nje penye hewa na jua. Kata kwa mshazari, maji ya mvua yateremke yasituame kwenye kidonda. Baada ya hapo ngoja. Waridi si kachumbari. Kutoka mkato hadi ua jingine hesabu wiki 6 hadi 8 kutegemea aina, maji na jua.

Jeraniamu, ile ya kwenye makopo ya veranda, vunja kikonyo chote pale kinapoungana na shina. Kana, ile yenye majani mapana kama ya mgomba mdogo ambayo imejaa kwenye maboma yetu, ondoa maua yaliyokwisha kwanza, kwa maana mara nyingi kuna tumba jingine chini yake. Bua zima likimaliza, likate karibu na ardhi. Bogenvilia haitaki uvune kimoja kimoja. Ngoja wimbi la rangi lipite, kisha punguza ncha za matawi, kwa sababu maua yake hutokea kwenye matawi machanga.

Haibiskasi usijisumbue nayo. Ua lake la kawaida hufunguka siku moja tu na kudondoka lenyewe. Na alizeti yenye kichwa kimoja, ukiikata kichwa hakuna kingine, umemaliza hadithi. Kuna mimea pia inayochanua msimu wake tu hata ukiipigia magoti. Mtu anayejua ni yule anayeweza kumwambia mwenye boma, "Mama, hili tukikata litarudi, lile halirudi, tuliache." Maneno hayo peke yake yatakufanya uonekane tofauti na waliotangulia.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, mimea yenye utomvu mweupe, kama ile yenye miiba mingi na maua madogo mekundu ambayo watu hupanda mbele ya nyumba: usiuruhusu utomvu wake ufike machoni. Vaa glavu, usipanguse uso. Ya pili, pangusa mkasi wako kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, hasa ukiona majani yenye madoadoa meusi. Mkasi mchafu ni kama sindano moja kwa wagonjwa kumi.

Na huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikuambii. Vitabu hivyo vinasema acha kukata majira ya baridi yanapokaribia. Baridi gani? Nangina iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Mchana wetu ni saa 12 karibu mwaka mzima. Kinachotawala hapa ni mvua. Mvua ndefu ya Machi hadi Mei, na ile ya pili kuanzia Agosti hivi kuelekea mwisho wa mwaka, ndizo nyakati ambazo mmea ukikatwa unarudi haraka. Ndizo pia nyakati ambazo ua lililonyauka likiachwa mtini linaloa, linaota ukungu, na ukungu huo unahamia kwenye tumba la jirani. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, kata yaliyokwisha lakini usipunguze matawi sana. Weka matandazo ya nyasi shinani, mwagilia jioni. Mmea wenye kiu haupaswi kuongezewa kidonda.

Sasa tuzungumze pesa, kwa maana najua wengine mmeruka aya zote zile mkitafuta hapa.

Vijana wengi huku tunaishi kwa kufyeka. Unabeba fyekeo, unazunguka, unapata boma, unafyeka, unalipwa, unaondoka. Nyasi zikirudi baada ya wiki tatu unaitwa, au anaitwa mwingine aliyepunguza bei kwa shilingi hamsini. Kiangazi kikija nyasi hazikui, na wewe pia hukui. Kazi ya kufyeka haina jina lako. Yeyote mwenye mikono anaweza kuifanya, ndiyo maana bei yake haipandi.

Kazi ya kutunza maua ni tofauti kwa sababu moja: ni ya kila wiki. Ua halikungoji wewe upate nafasi. Likinyauka Jumatatu, kufikia wiki mbili zijazo limeshaanza kukomaza mbegu. Kwa hivyo mwenye boma hawezi kukuita mara moja kwa mwezi. Anahitaji mtu anayekuja siku ile ile, saa ile ile, anayejua mwaridi upi ulikatwa lini. Huyo haitwi kibarua.

Tupige hesabu ya mfano tu, si bei ya soko. Tuseme unafyeka maboma manne, kila moja mara mbili kwa mwezi, kwa Sh400. Hiyo ni Sh3,200, na mwezi wa kiangazi inaweza kuwa sufuri. Sasa tuseme maboma hayo hayo manne yamekubali kukulipa Sh500 kwa wiki, upite asubuhi moja, ukate yaliyokwisha, uondoe magugu, uweke samadi na umwagilie. Kwa wiki nne ni Sh8,000, na kiangazi ndipo wanapokuhitaji zaidi. Jasho ni lile lile, pengine ni kidogo zaidi. Kilichoongezeka ni ujuzi na imani ya mwenye boma kwamba utarudi.

Wateja wako wapi? Tazama ramani ya kaunti yetu. Hapa Nangina kuna hospitali ya misheni na shule. Funyula kuna ofisi. Busia na Malaba ni miji ya mpaka, na miji ya mpaka haikosi nyumba za kulala wageni, hoteli, benki na ofisi za wakala wa forodha, zote zikitaka mlango unaopendeza. Makanisa ndiyo usiseme. Kila Jumamosi kuna harusi mahali, na kila harusi inataka kupigiwa picha penye maua. Ongeza maboma ya watu wetu walio Nairobi na ng'ambo, waliojenga nyumba nzuri wakaacha mtu wa kulinda lango tu. Anaporudi Desemba anakuta kichaka. Huyo ukimtumia picha ya bustani yake kila Jumapili kwa simu, atakulipa bila kuitishwa mara mbili.

Na wewe unayeuza miche kando ya barabara, hili linakuhusu zaidi. Mteja akinunua merigoldi kwako, ikachanua mara moja ikafa, anasema, "Miche ya yule kijana ni ya bure." Harudi. Ungemwonyesha kwa dakika mbili pa kukata, maua yangemkalia miezi, jirani angeuliza yalitoka wapi, nawe ungeuza mara tatu. Ukiuza mche, uza na maarifa yake. Maarifa hayaongezi gharama ya usafiri.

Najua pingamizi ambalo liko kwenye ulimi wa wengi: maua hayaliwi. Watu hawana unga, wewe unatuhubiria petunia? Nimelisikia hili hata nyumbani. Jibu langu ni kwamba hata mimi siwezi kula ua, lakini nimekula kwa ua. Aliyelipwa Ijumaa kwa kutunza bustani hununua unga ule ule anaonunua aliyeuza samaki Sio Port. Zaidi ya hayo, kidole kilichozoea kukata merigoldi kinajua kukata saga. Anzia kwenye mboga za mama kama huamini, kisha uje kwenye maua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami nalikubali nusu. Watu husema, ukikata kila ua, mbegu zitatoka wapi? Na ndege watakula nini? Hapa ndipo ninarudi kwa nyanya na mashina yake machache. Usikate yote. Chagua mmea ulio bora kuliko yote, wenye rangi nzito na afya njema, mwisho wa msimu uuache ukomae. Kausha vichwa vyake kivulini, hifadhi mbegu kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na mwezi. Hizo ni mbegu zako za mwaka ujao, bila kununua pakiti. Anayekata kila kitu ni mharibifu, na anayeacha kila kitu ni mvivu. Mtunza bustani ni yule anayejua kipi akate na kipi aache.

Tena kuna maua ambayo kuyaacha yatoe mbegu ni hatari. Lantana, yenye vishada vya rangi nyingi, ilitoka Marekani ya kitropiki ikaletwa kama pambo. Ndege wakala matunda yake meusi, wakaitawanya, leo inasonga malisho sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Na gugumaji je? Kila mvuvi wa Ziwa Victoria analilaani, lakini ua lake la zambarau ni zuri, na ndilo lililowafanya watu walitoe Amerika Kusini na kulisambaza duniani kama pambo. Liliripotiwa kwenye ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo linafunga nyavu na mashua. Sisemi kwamba mkasi ungezuia gugumaji, kwa kuwa huzaana hata kwa vipande vya shina. Ninachosema ni kwamba ua si kitu cha kupanda na kusahau. Lina nia yake. Mwenye bustani asipokuwa na nia yake pia, ua litashinda.

Na hapo ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo, si na yule mkubwa aliyenifukuza bali na sisi sote. Sisi ni watu wa kupanda. Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili tupande miti, kwa lengo la kufikisha miti bilioni 15 kufikia 2032. Tulitoka. Tulipiga picha na miche mikononi. Jambo jema kabisa. Lakini ni nani aliyepewa mapumziko ya kwenda kuimwagilia Januari? Kupanda kuna mgeni rasmi, kuna viti na hema, kuna soda. Kutunza hakuna kitu. Kutunza ni mtu mmoja aliyeinama saa mbili asubuhi, anakata kitu kilichokufa ili kilicho hai kipate nafasi, na akipita mtu anaulizwa, "We, kwani huna kazi?"

Kwa sababu hatuthamini kutunza, hatukulipi. Na kwa sababu haukulipi, vijana hawakujifunzi. Shule ina bustani ya maua mbele ya ofisi, lakini mwanafunzi anapelekwa huko kama adhabu ya kuchelewa. Jamani, tunamfundishaje mtoto kupenda kazi ambayo tunaitumia kama fimbo? Vilabu vya 4K viko shuleni, wito wao ni kuungana, kufanya na kusaidia Kenya. Vipewe hiyo bustani. Kila mtoto apewe mmea wake mmoja, akate, ahesabu maua yaliyotoka, alinganishe na wa mwenzake ambao haukukatwa. Hiyo ni sayansi, ni hesabu na ni kilimo, na gharama yake ni mkasi. Kituo cha mafunzo ya kilimo pale Busia nacho kingeweza kutufungulia kozi fupi ya utunzaji wa bustani za maua, ya wiki mbili tu, yenye cheti. Kijana akienda hotelini kuomba kazi awe na karatasi ya kuonyesha, si maneno matupu kama yangu siku ile.

Usione kwamba kazi hii ni ndogo mno. Kumbuka neno "boda boda" lilizaliwa wapi. Wanaosimulia historia ya mpaka huu wanasema kwamba miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kuwavusha kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine, wakinadi safari yao kwa jina la mpaka wenyewe. Naamini walichekwa. Kumbeba mtu mzima nyuma ya baiskeli, hiyo nayo ni kazi? Leo neno lao linatamkwa Kampala, Nairobi, Kigali na kwingineko. Walichofanya ni kuona haja ndogo ambayo inarudi kila siku, wakaisimamia.

Maua yananyauka kila siku.

Kwa hivyo wewe mwenye boma, ukimkuta kijana amepiga magoti katikati ya rundo la maua makavu, kabla hujampandishia sauti, muulize anafanya nini. Mpe wiki tatu kwa merigoldi, mpe wiki nane kwa waridi. Ikiwa hakuna kitu kitakachokuwa kimetoka, mfukuze. Ikiwa bustani imejaa, mwandikie mkataba, na umlipe kwa mwezi.

Na wewe kijana mwenzangu, kesho asubuhi usianze na boma la mtu. Anza kwenu. Tafuta ua moja lililokwisha, fuata kikonyo chake kushuka hadi kwenye majani, kata. Piga picha. Rudi baada ya wiki tatu upige nyingine pale pale. Zile picha mbili ndizo barua yako ya kuomba kazi. Laiti ningekuwa nazo mfukoni siku ile niliyoonyeshwa lango, pengine ningekuwa bado niko kule.

Mimi sasa natunza bustani tatu. Kila mwenye bustani nilimweleza kabla sijagusa mkasi kwamba siku ya kwanza ataiona bustani imekuwa uchi, na kwamba avumilie. Wawili walikubali mara moja. Wa tatu alisita, akaniambia nikate upande mmoja tu wa njia, niache ule mwingine aone. Nikafanya hivyo. Mwezi ulipoisha alinipigia simu mwenyewe: "Kijana, njoo ukate na huku."